Moyo wa mwanariadha na moyo wa mgonjwa: ukubwa ule ule, sababu tofauti

Mtu akiambiwa na daktari kwamba moyo wake umetanuka, huingiwa na hofu, na hofu hiyo ina msingi. Katika kliniki za moyo za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, moyo ulionenepa au kutanuka mara nyingi ni matokeo ya shinikizo la damu lililokaa miaka mingi bila kutibiwa, na usipotibiwa huishia kushindwa kufanya kazi: miguu inavimba, pumzi inakatika usiku, mgonjwa analala akiwa ameegemea mito. Lakini ukimlaza mkimbiaji hodari wa marathoni kwenye kitanda kile kile cha kipimo cha ECHO, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ukampaka jeli kifuani na kupima vyumba vya moyo wake kwa milimita, utakuta kwamba naye ana moyo mkubwa kuliko wa watu wengi, na huenda kuta zake nazo ni nene kidogo. Huyu havimbi miguu wala hakosi pumzi. Anakimbia kilomita 42 kwa mwendo ambao mtu wa kawaida hawezi kuushikilia hata kwa dakika chache. Ukubwa wa moyo peke yake, basi, hautuambii mengi. Kinachopaswa kuulizwa ni mzigo gani ulioukuza, na ukuta wake umebaki laini kiasi gani.

Swali hili lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1899 daktari wa Uswidi, Salomon Henschen, aliwachunguza washindani wa mbio ndefu za kuteleza kwenye theluji. Wakati huo hapakuwa na mashine ya ultrasaundi, kwa hiyo alitumia vidole. Aliweka kidole kimoja juu ya kifua, akakigonga kwa kidole cha mkono mwingine, akasikiliza mahali ambapo mlio wazi wa mapafu yaliyojaa hewa unageuka kuwa mlio mzito wa moyo, na kwa kufuata mlio huo akapata mipaka ya moyo chini ya mbavu. Alikuta kwamba watelezaji wale walikuwa na mioyo mikubwa, na akahitimisha kwamba moyo uliokua kwa namna hiyo unaweza kufanya kazi kubwa kuliko moyo wa kawaida. Mwaka huo huo, Eugene Darling wa Chuo Kikuu cha Harvard aliona jambo kama hilo kwa vijana wapiga makasia. Licha ya hayo, kwa miongo mingi baadaye madaktari wengi waliendelea kuamini kwamba mazoezi mazito huuchosha na kuuharibu moyo, na wanariadha wengi wenye afya waliambiwa waache michezo. Henschen, kwa vidole vyake tu, alikuwa amekaribia ukweli kuliko wengi waliomfuata wakiwa na vifaa bora.

Ili kuelewa kwa nini moyo hukua, tuanze na hesabu ndogo. Mtu mzima asiyefanya mazoezi, akiwa ameketi, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa takriban mililita 70 za damu, ambazo kwa jumla hukaribia lita 5 kwa dakika. Mwanariadha wa mbio ndefu aliyeketi karibu naye anahitaji lita hizo hizo, kwa sababu mwili uliopumzika hauna haja ya zaidi. Ila moyo wake hutoa mililita 110 au 120 kwa pigo moja, na kwa hiyo mapigo 40 hadi 45 yanamtosha. Kwa siku nzima, mapigo 70 kwa dakika ni zaidi ya mapigo 100,000, ilhali mapigo 45 hayafiki 65,000.

Tofauti kubwa hujitokeza wote wawili wanapokimbia kwa nguvu zao zote. Watu wengi hudhani kwamba bingwa ana moyo unaoweza kupiga kwa kasi kuliko wa wengine, lakini sivyo. Kiwango cha juu kabisa cha mapigo hufuata zaidi umri na maumbile, na mazoezi ya miaka mingi hayakiongezi. Wakati mwingine hukipunguza kidogo. Kijana wa miaka 25, awe mkimbiaji au mtu wa kukaa ofisini siku nzima, anaweza kufikia mapigo 190 hivi kwa dakika. Moyo wa yule wa ofisini, ukitoa mililita 105 kwa pigo, utasukuma karibu lita 20 kwa dakika. Moyo wa bingwa wa mbio ndefu, ukitoa mililita 190, utasukuma lita 36. Oksijeni inayofika kwenye misuli ya miguu inategemea damu hiyo, na hakuna njia nyingine kubwa ya kuiongeza isipokuwa kuongeza kiasi kinachotoka kwa kila pigo. Ndiyo maana moyo wa mwanariadha hukua: kasi yake ina kikomo kisichosogea, kwa hiyo kinachobaki cha kubadilika ni ujazo wake.

Kabla moyo wenyewe haujabadilika, damu hubadilika kwanza. Ndani ya siku chache tu za mazoezi, mwili huanza kubakiza maji na chumvi zaidi, na sehemu ya majimaji ya damu, yaani plazma, huongezeka. Chembe nyekundu nazo huongezeka, lakini hizo huchukua wiki kadhaa, na kwa wale wanaofanya mazoezi kwenye nyanda za juu kama Iten nchini Kenya, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 2,400, uhaba wa oksijeni hewani huchochea figo kutoa homoni inayohimiza uboho kutengeneza chembe hizo kwa wingi. Damu ikiwa nyingi, inayorudi moyoni nayo ni nyingi, vyumba vya moyo hujaa zaidi kabla ya kusinyaa, na misuli iliyovutwa zaidi husinyaa kwa nguvu zaidi. Mtu aliyeanza kukimbia mwezi huu na kuona kwamba kilima kilichomshinda wiki ya kwanza hakimsumbui tena wiki ya tatu, sehemu kubwa ya nafuu hiyo ameipata kwenye damu na kwenye misuli ya miguu. Moyo wake bado haujakua kiasi cha kuonekana kwenye kipimo.

Mapigo kupungua mwanariadha anapopumzika kunahitaji maelezo yake, kwa sababu wataalamu wamelijadili jambo hili kwa muda mrefu. Maelezo ya zamani ni kwamba neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kuutuliza moyo, huongeza nguvu zake kwa mtu afanyaye mazoezi. Hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo, dawa za kuzima ishara za neva zinapotumika, moyo wa mwanariadha bado huonekana kupiga polepole kuliko wa mtu asiyefanya mazoezi, maana yake mabadiliko yamo pia ndani ya kile kifundo kidogo cha seli kilicho kwenye chumba cha juu cha moyo upande wa kulia, ambacho ndicho kinachoanzisha kila pigo. Mwaka 2014 watafiti wa Manchester nchini Uingereza walionyesha kwamba kwa panya waliozoeshwa kukimbia, seli za kifundo hicho hupunguza vijia vya umeme vinavyoamua kasi ya pigo. Kwa hiyo moyo hautulizwi kutoka nje tu. Hata seli zake za kuanzisha pigo zimebadilika.

Sasa tuje kwenye kuta, kwani hapa ndipo mambo hutatanisha zaidi. Mazoezi yote si mzigo wa aina moja. Mkimbiaji, muogeleaji au mwendesha baiskeli hutumia misuli mikubwa kwa muda mrefu. Mishipa ya damu kwenye misuli hiyo hufunguka, shinikizo la damu hupanda kwa kiasi, na moyo hupokea na kutoa damu nyingi mno kwa saa nzima au zaidi. Huo ni mzigo wa ujazo. Mnyanyua vitu vizito yuko tofauti: misuli iliyokakamaa huibana mishipa ya damu, pumzi hufungwa kifuani, na kwa sekunde chache moyo hulazimika kusukuma damu dhidi ya ukinzani mkali sana. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono wa wanaume wajenga misuli, wakapima shinikizo lao wakati wakisukuma uzani mkubwa kwa miguu. Wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja wao akapita 480 kwa 350. Msomaji anayejua kwamba 120 kwa 80 ndicho kipimo tulivu, na kwamba 180 humfanya daktari ashtuke, ataona ukubwa wa mzigo huo, ingawa ni wa muda mfupi. Huo ni mzigo wa shinikizo.

Kanuni ya fizikia inayotawala majibu ya moyo ni ile ya Laplace: mkazo unaoubeba ukuta wa chumba hupanda kadiri shinikizo la ndani linavyopanda na kadiri chumba kinavyopanuka, na hupungua kadiri ukuta unavyokuwa mnene. Anayeziba pancha huijua kanuni hii bila kuisoma, maana tyubu ya baiskeli iliyofutuka upande mmoja hupasuka pale pale ilipofutuka, ijapokuwa upepo ndani yake ni ule ule kila mahali. Moyo unaopanuka kwa mzigo wa ujazo bila kuongeza ukuta ungejikuta kwenye hatari hiyo hiyo, kwa hiyo ukuta hunenepa kwa kiasi kinacholingana na upana mpya. Moyo unaokabiliwa na shinikizo huongeza ukuta hata kama chumba hakijapanuka.

Mwaka 1975, kipimo cha ECHO kilipokuwa bado kichanga, Joel Morganroth na wenzake nchini Marekani walilinganisha wakimbiaji na waogeleaji kwa upande mmoja, na wapiga mieleka na watupa tufe kwa upande wa pili. Wakimbiaji na waogeleaji walikuwa na ventrikali ya kushoto iliyo pana, yaani kile chumba cha chini kinachosukuma damu kwenda mwilini, na kuta zao zilikuwa za unene wa kawaida. Wapiga mieleka na watupa tufe walikuwa na chumba cha kawaida na kuta nene. Mgawanyo huo uliingia vitabuni na bado unafundishwa, nami naona ni mwanzo mzuri wa kuelewa, ila usichukuliwe kama sheria isiyo na tofauti. Michezo michache sana ni ya aina moja tupu. Mpiga makasia husukuma kwa nguvu zote za mwili kwa dakika kadhaa mfululizo, kwa hiyo hubeba ujazo na shinikizo kwa pamoja, na ndiyo sababu wapiga makasia na waendesha baiskeli ni miongoni mwa wanamichezo wenye mioyo mikubwa kuliko wote. Kwa wanyanyua vitu vizito, tafiti nyingi za baadaye zimekuta kuta ambazo hazijanenepa kiasi hicho, hasa ukizingatia ukubwa wa miili yao. Tena mabadiliko hayaji yote kwa pamoja. Huko Dallas, vijana 12 ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi walifundishwa kwa mwaka mzima hadi kuwa tayari kwa mbio ndefu. Miezi ya mwanzo misuli ya ventrikali ya kushoto iliongezeka unene bila chumba kupanuka, na upana ulifuata baadaye, mazoezi yalipozidi nusu mwaka.

Moyo hukua kwa kunenepesha seli zilizopo, kwa sababu seli za misuli ya moyo wa mtu mzima karibu haziongezeki: wanasayansi wa Uswidi, waliotumia mabaki ya kaboni iliyotawanywa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia kama saa ya kupimia umri wa seli, walikadiria mwaka 2009 kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka, na mzee hubadilisha chini ya nusu ya hapo. Swali muhimu ni nini kinachoandamana na kunenepa huko. Kwa mwanariadha, seli inaponenepa, kapilari zinazoilisha, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, nazo huongezeka, mitokondria zinazozalisha nishati huongezeka, na nafasi kati ya seli na seli hubaki safi. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu, seli hunenepa lakini kapilari hazilingani nazo, na katikati ya seli hujaa nyuzi za kovu. Ukuta wake huwa mnene na mkakamavu. Unaweza kusukuma vizuri kwa miaka kadhaa, lakini hautanuki kwa urahisi kupokea damu, na damu isiyopokelewa hurudi nyuma kwenye mapafu. Hapo ndipo pumzi inapoanza kukatika.

Kwa nini ukuta mmoja ubaki laini na mwingine ukakamae, wakati wote wawili wamebeba mzigo? Jibu la kwanza linalokuja ni muda. Wiki ina saa 168. Mwanariadha anayefanya mazoezi saa 15 kwa wiki anauacha moyo wake upumzike saa zinazobaki, lakini shinikizo la damu lisilotibiwa haliupi moyo nafasi ya kupumzika, hata mgonjwa akiwa usingizini. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Mwaka 2006 yalichapishwa majaribio ambamo panya walibanwa mshipa mkuu kwa vipindi vifupi tu kila siku, na bado mioyo yao ikaonyesha dalili za ugonjwa na kapilari zikapungua. Kwa hiyo aina ya ishara inayofika kwenye seli nayo ina uzito wake. Mazoezi huamsha zaidi homoni ya ukuaji inayofanana na insulini pamoja na njia za kikemikali zinazohusiana nayo, ilhali shinikizo la kudumu huamsha homoni kama angiotensini, ambazo pamoja na kunenepesha seli huhimiza kovu. Si ajabu kwamba dawa kadhaa za presha zinazotolewa kila siku hospitalini kwetu hufanya kazi kwa kuizuia angiotensini hiyo.

Kuna utafiti wa mwaka 2019 ambao, kwa maoni yangu, unaliweka jambo hili mahali pake kuliko mwingine wowote. Robert Shave, Aaron Baggish, Daniel Lieberman na wenzao walipima mioyo ya sokwe katika hifadhi za Afrika, kisha wakailinganisha na mioyo ya makundi ya wanadamu: wakimbiaji wa mbio ndefu, wachezaji wa safu ya mbele wa mpira wa Kimarekani, vijana wasiofanya mazoezi, na wakulima wa kabila la Tarahumara nchini Mexico. Sokwe hupanda miti na kupigana kwa vipindi vifupi vya nguvu nyingi, na moyo wake ni mdogo kwa chumba na mnene kwa ukuta, unaofaa kwa shinikizo. Moyo wa mwanadamu umeelekea upande wa pili, upande wa ujazo, kama inavyotarajiwa kwa kiumbe aliyeishi kwa kutembea, kuwinda na kulima kwa saa nyingi. Jambo la kutafakari ni kwamba vijana wasiofanya mazoezi, ambao hawakuwa wagonjwa, walikuwa na mioyo iliyoanza kuelekea umbo lile la sokwe. Kukaa bila kujishughulisha nako, basi, kunaubadilisha moyo.

Mishipa inayoulisha moyo wenyewe haipaswi kusahauliwa. Clarence DeMar, Mmarekani aliyeshinda marathoni ya Boston mara 7 kati ya 1911 na 1930, aliwahi kuonywa na daktari mapema katika maisha yake ya riadha kwamba moyo wake una mlio usio wa kawaida na kwamba kukimbia kungemdhuru. Aliendelea kukimbia hadi uzeeni, na alipofariki mwaka 1958 kwa saratani, mwili wake ulifanyiwa uchunguzi. Madaktari walikuta kwamba ateri zinazolisha moyo wake zilikuwa na upana mara mbili hadi tatu ya kawaida. Mtu mmoja hathibitishi kanuni, na huenda DeMar alizaliwa na mishipa mipana. Hata hivyo, tafiti za baadaye kwa wakimbiaji wa masafa marefu zimeonyesha kwamba ateri hizo hufunguka zaidi kuliko za wasiofanya mazoezi zinapohimizwa kwa dawa, kwa hiyo alichokuwa nacho kinaelekea kuwa mfano uliozidi wa jambo ambalo mazoezi huleta kweli.

Ugumu wa kitabibu unatokea pale moyo wa mwanariadha na moyo wenye ugonjwa wa kurithi vinapofanana. Ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo unaotokana na hitilafu ya vinasaba humpata takriban mtu 1 kati ya 500, na wengi wenye nao hawajui. Huo ndio uliokutwa kwa Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni aliyeanguka uwanjani huko Lyon tarehe 26 Juni 2003 katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, akafariki akiwa na miaka 28. Nchini Italia, Antonio Pelliccia na wenzake walipima wanamichezo 947 wa kiwango cha juu na kukuta kwamba ni asilimia 1.7 tu waliokuwa na ukuta wa milimita 13 au zaidi. Kwa sababu hiyo, unene wa milimita 13 hadi 15 kwa mwanamume ni eneo la mashaka, ambapo daktari hawezi kusema kwa kipimo kimoja kama anaona mazoezi au ugonjwa. Kwa wanawake, mazoezi ni nadra kuupitisha ukuta milimita 12, kwa hiyo mashaka huanza mapema zaidi.

Hapa kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Viwango vingi vya mwanzo vilitokana na kupima Wazungu. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kati ya wanamichezo wanaume weusi, asilimia 18 walikuwa na ukuta uliozidi milimita 12, wakati kwa weupe ni asilimia 4 tu. Mchoro wa umeme wa moyo, ECG, nao hutofautiana: mwanamichezo mwenye asili ya Afrika anaweza kuonyesha mawimbi ya T yaliyogeuka chini kwenye vielekezi V1 hadi V4, yaani sehemu za mchoro zinazotoka kwenye vibandiko vya kifuani, yakitanguliwa na mstari ulioinuka kama kuba, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unakubali kwamba hilo ni la kawaida kwake. Mawimbi hayo yakigeuka kwenye V5 na V6, si kawaida kwa yeyote na lazima yachunguzwe. Daktari asiyejua tofauti hiyo anaweza kumfungia mchezaji mzima kabisa maisha yake ya michezo, au, jambo lililo baya zaidi, kuzoea kupuuza kila mchoro wenye kasoro kwa kudhani kwamba "ndivyo walivyo".

Katika eneo la mashaka, daktari hutazama mambo kadhaa kwa pamoja: je, chumba kimepanuka pamoja na ukuta, au ukuta umenenepa na chumba kimebaki kidogo? Je, unene umeenea sawasawa, au umejikusanya upande mmoja? Ukuta unalegea kwa urahisi kupokea damu? Katika familia kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana? Kukiwa bado na shaka, mwanamichezo huombwa aache mazoezi kwa miezi michache kisha apimwe tena. Ukuta ulionenepa kwa mazoezi hupungua. Ulionenepa kwa vinasaba hubaki. Pelliccia alipowafuatilia wanamichezo 40 waliostaafu, alikuta kwamba unene wa kuta ulikuwa umerudi kawaida, ingawa kwa mmoja kati ya watano hivi chumba kilibaki kipana sana hata baada ya miaka kadhaa. Kama upana huo uliobaki una madhara yoyote ni suala ambalo wataalamu hawajakubaliana.

Italia imewalazimisha wanamichezo wa mashindano kupimwa moyo tangu mwaka 1982, na katika jimbo la Veneto vifo vya ghafla miongoni mwao vilipungua kwa asilimia 89 kati ya 1979 na 2004. Israeli nayo ilipitisha sheria kama hiyo, lakini watafiti wa huko hawakuona upungufu unaoweza kuhusishwa nayo. Kwa nchi zetu, ambako mashine za ECHO ziko katika hospitali chache kubwa, naamini mafunzo ya kukandamiza kifua na mashine ya kushtua moyo pembeni ya uwanja vinastahili kutangulia. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulisimama kwa dakika 78 baada ya kuanguka uwanjani London mwaka 2012, na alipona kwa sababu watu waliomzunguka walijua la kufanya na hawakuacha.

Je, mazoezi yanaweza kuzidi? Kwa wengi wetu swali hilo liko mbali sana, ila lina jibu. Watafiti wa Uswidi waliwafuatilia zaidi ya watu 52,000 waliomaliza Vasaloppet, mashindano ya kuteleza kwenye theluji ya kilomita 90, wakakuta kwamba waliomaliza mara nyingi zaidi na kwa kasi zaidi walipata matatizo ya mdundo wa moyo kuliko wenzao, hasa ule mtetemo usio na mpangilio wa vyumba vya juu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vyumba vya juu, vyenye kuta nyembamba, hutanuka kwa miaka mingi ya mzigo mkubwa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hakifiki popote karibu na huko.

Kuacha mazoezi huondoa mabadiliko kwa mpangilio ule ule yalivyokuja. Plazma hupungua ndani ya siku chache, na damu inayotoka kwa kila pigo hupungua nayo. Kuta huchukua wiki hadi miezi. Mwaka 1966, huko Dallas, vijana watano wa miaka 20 walikubali kulala kitandani wiki tatu mfululizo. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo, na watu hao hao walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba wiki tatu zile ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Umri, hata hivyo, una sehemu yake, kwa sababu moyo wa mtu asiyejishughulisha huanza kukakamaa akiwa na umri wa kati. Watafiti wa Dallas waliwafundisha watu wa zaidi ya miaka 65 kwa mwaka mmoja. Nguvu zao ziliongezeka, lakini ukakamavu wa ventrikali haukubadilika. Wakarudi nyuma na kuwachukua watu wa miaka 45 hadi 64, wazima lakini wasio na mazoea ya mazoezi, wakawapa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: uwezo wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa asilimia 18, na ventrikali ya kushoto ikawa laini zaidi, wakati kundi lililofanya yoga na mazoezi ya kujiweka sawa halikupata badiliko hilo. Programu yenyewe ilipandishwa kidogo kidogo hadi siku 4 au 5 kwa wiki: siku moja ya mwendo wa wastani wa saa nzima au zaidi, siku za mazoezi mepesi ya kiasi cha nusu saa, mazoezi ya nguvu, na siku ya vipindi vikali, dakika 4 karibu na kikomo cha mapigo na dakika 3 za kupumua, mara nne. Washiriki walipimwa kwanza, na wenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa hawakuingizwa. Mtu wa miaka 50 anayetaka kuwafuata anapaswa kuanza na kipimo hicho cha presha, kinachopatikana hata kwenye zahanati, kabla ya kufikiria zile dakika nne.